Nell Hakuwa na Khalati

Nyinyi mnaoanza kazi ya nasari mwaka huu mna magoti mazuri. Yatunzeni. Mimi yangu niliyaacha kwenye viti vya watoto, vile vya urefu wa sufuria, na sasa nikiinuka kutoka kwenye sijda mume wangu aliye jikoni huuliza kama nimevunja sahani. Masikio, alhamdulillahi, bado ninayo. Nilipimwa majuzi, na kisa cha kupimwa huko nitakuelezeni mwishoni, kwa sababu kinamhusu mtoto mmoja ambaye mimi nilisababisha apelekwe kupimwa yake bila ya sababu yoyote.

Binti mmoja wa darasa letu la Jumamosi msikitini, ambaye amepata kazi katika nasari ya Rayners Lane, alinivuta pembeni akaniuliza, huku akitazama mlango kama mtu aliyeficha kitu chini ya buibui: "Bibi, mtoto akiniuliza kuhusu mwenzake mwenye mama wawili, au baba wawili, nimjibu nini?" Nikamwambia, mwanangu, jibu lake lilinichukua wiki saba na jozi moja ya buti za fundi umeme. Nitaandika, na wengine wanaoogopa kuuliza wasome bila ya kutazama mlango.

Mimi ni Zuwena. Watoto waliniita Misi Zu. Nilifanya kazi miaka ishirini na minne katika nasari moja hapa Wembley iliyokodi ukumbi wa kanisa. Ndiyo, kanisa. Adhuhuri nilisali stoo, baina ya ndoo za rangi na baiskeli za magurudumu matatu, na mkuu wangu, Bi Kokila, akikaa mlangoni kuwazuia watoto wasije kunipanda mgongoni. Siku moja walimzidi nguvu. Nilitoa salamu kulia na kushoto nikiwa nimevishwa kofia ya zimamoto.

Huyu Bi Kokila ni Mhindu wa Kingsbury, aliyezaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kilichonyooka, hakina mapambo. Alikitumia zaidi kunitania. "Nyie watu wa Unguja," alikuwa akisema, "mkitaka maji mnaanza kwa kuulizia afya ya mtungi." Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Nilipofika nilidhani kulea ni kulea, nimelea wadogo zangu watano, kuna jipya gani? Siku yangu ya kwanza mtoto mmoja aliniuliza jua linakwenda wapi usiku. Nikaanza kumweleza dunia, mzunguko, sayari, na uwezo wa Muumba. Nilipomaliza alikuwa amelala. Bi Kokila akaniambia, "Alitaka kujua kama litarudi. Ungesema 'litarudi kesho', ungemaliza. Mtoto akiomba kijiko cha maji, usimmiminie ndoo."

Andikeni hilo mahali. Nitalirudia.

Nasari yetu ilikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa ukutani na mbili ambazo hazikuandikwa, nazo zilikuwa zangu. Ya kwanza, hakuna kiatu juu ya zulia. Watoto huweka mashavu na midomo yao pale, na mimi siwezi kuona kiatu juu ya zulia hata la kanisa. Awe mzazi, awe mkaguzi aliyetoka ofisi ya serikali na tai shingoni, viatu vilibaki mlangoni. Mkaguzi mmoja alikuwa na soksi iliyotoboka, na nadhani ndiyo sababu ripoti ya mwaka ule ilikuwa fupi.

Ya pili ilihusu mlango wenyewe. Saa tisa na nusu wazazi hufika, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita watoto kutoka kwenye zulia. Sasa, nyinyi mnajua malezi yetu: hatumwiti mtu mzima kwa jina tupu. Kila mtu ana cheo chake. Basi nilikuwa nikinadi: "Marek, babu yako! Dev, mama yako! Aisha, baba!" Mtoto anainuka, anavaa koti, anakwenda. Nilijiona bingwa. Kweli niliwahi kumwita mama mmoja bibi, kwa sababu ya mvi zake, akakaa wiki mbili haniitikii salamu, lakini hilo tuliache.

Mwezi wa Septemba mmoja akaja Nell. Miaka mitatu na miezi minane, nywele kama sufi iliyopeperushwa, na mdomo haufungi. Alituambia siku ya kwanza kwamba ana samaki aliyekufa, mama wawili, na viatu vipya, kwa mpangilio huo. Asubuhi aliletwa na Claire, mwembamba, mwalimu wa muziki, mwenye haraka. Jioni alichukuliwa na Denise, mwanamke wa Wembley hapahapa, wazee wake walitoka Jamaika. Denise ni fundi umeme. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini na buti nzito zenye kamba mpaka juu ya kifundo cha mguu.

Mimi si mjinga. Siku ya pili nilishaelewa. Niliona pete zao, niliona walivyopeana mkoba wa mtoto bila ya kutazamana, kama mimi na mume wangu tunavyopeana chumvi. Lakini saa tisa na nusu Denise aliposimama mlangoni, ulimi wangu ulikwama. Claire nilishamwita mama. Huyu nimwite nani? Kwetu cheo kipo tayari cha kila mwanamke mzima usiyejua umweke wapi. Nikanadi, kwa sauti nzuri kabisa:

"Nell, auntie yako amefika!"

Nell hakuinuka. Alikuwa anapanga matofali ya mbao. Nikaita tena. Hakugeuza hata shingo.

Basi Denise akainama, akafungua kamba za buti, moja, mbili, mpaka mwisho, akazivua, akapita juu ya zulia kwa soksi, akamnyanyua mwanawe, akarudi mlangoni, akaketi chini, akaanza kuzifunga upya. Na kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa.

Wiki ya pili aliniambia, kwa upole, akiwa anafunga kamba, "Mimi pia ni mama yake, Misi Zu."

Nami nikatabasamu tabasamu letu lile, mnalijua, la kupokea habari na kuiweka kabatini. "Ndiyo, ndiyo," nikasema. "Na sisi kwetu khalati, auntie wa upande wa mama, ni mama."

Denise akanitazama kidogo. Akafunga fundo la mwisho. "Sawa," akasema.

Wanangu, kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Kwetu khalati ni mama kweli. Lakini nililitumia kama mtu anayeweka kiti mlangoni, huku anasema karibu. Nilijiambia ni heshima. Heshima ilikuwamo, sikatai, robo yake. Iliyobaki ilikuwa woga wenye adabu.

Mwisho wa wiki ya tatu nikatoa uamuzi wa kitaalamu. Mtoto haitikii akiitwa. Nikachukua fomu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa skuli ya Unguja: Nell haitikii jina lake wakati wa kwenda nyumbani, naomba apimwe masikio.

Claire aliacha darasa zake nusu siku akampeleka kliniki. Walimvisha vipokea sauti, wakamchezea milio mikubwa na midogo. Akasikia yote. Alisikia hata nesi akifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, akaomba mbili. Majibu yalirudi kwenye bahasha: masikio mazima, bora kuliko ya wengi.

Bi Kokila aliisoma barua ile mbele yangu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sari, akaivaa, akaisoma tena. "Zuwena," akasema, "huyu mtoto akiitwa kula matunda, anakuja?"

"Wa kwanza."

"Akiitwa nje?"

"Anakimbia."

"Basi ni wewe na mlango wako," akasema. Nami bado sikuelewa. Niliona pengine mtoto ni mkaidi.

Wiki ileile tulikuwa kwenye zulia wakati wa matunda. Nilikuwa namenya machungwa. Pale alikuwepo Salha, mtoto wa familia ya Kipemba tunayojuana nayo. Bibi yake, Bi Raya, ni rafiki yangu wa miaka mingi na jirani yangu kwenye safu msikitini. Salha alikuwa na miaka minne na tabia ya kadhi. Akamtazama Nell, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza chao, mimi nawaandikieni kwa Kiswahili:

"Misi Zu, Nell anasema yule mwenye buti ni mama yake. Wewe kila siku unasema auntie. Nani mwongo?"

Watoto kumi na mmoja wakaacha kutafuna.

Nell alinitazama. Hakuwa na hasira wala machozi. Alinitazama kama mtu anayemngoja shahidi wake aseme, kwa sababu anajua shahidi alikuwepo.

Nami nikasema, "Salha, kula chungwa lako."

Hayo tu. Nilijiona nimeokoka. Lakini watoto wanajua kuhesabu kimya. Salha akageuka, akamwambia mwenzake kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kesi: "Umeona? Mwongo ni wewe."

Nell hakusema neno tena siku ile. Wala kesho yake. Nyumbani, mama zake walisema, alizungumza kama kawaida. Akiingia ukumbini kwetu, anafunga mdomo. Hakuomba maji, hakuomba choo, mara mbili akajilowesha. Ikifika saa nane alikwenda kulichukua koti lake, akaketi nalo mapajani kwenye pembe ya zulia, akatazama mlango. Nilimletea matofali, nikamletea vitabu, nikamletea mpaka kofia ya zimamoto. Alivisogeza pembeni polepole, bila ya ubaya, kama mgeni aliyeshiba.

Claire na Denise walikuja pamoja kuzungumza na Bi Kokila. Hawakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Walisema wanampa Nell mpaka likizo ya nusu muhula. Kama bado hasemi, watamwondoa na kumtafutia pahala pengine. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Bi Kokila akaniita kwenye chumba chake, akaweka chai mbele yangu. Nilijua kuna jambo, maana ilikuwa chai ya tangawizi, na tangawizi aliihifadhi kwa misiba.

"Niambie," akasema, "Nell anamwitaje Denise nyumbani?"

"Sijui."

"Wiki sita anakuja kwako, hujui?"

"Sikuuliza."

"Wewe! Wewe uliyeniuliza mimi siku ya kwanza jina la babu yangu, na alikuwa akiuza nini, na duka lake lilitazama upande gani!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Zuwena, ulimwita mtoto kwa mtu asiyemjua. Hana auntie. Sasa ainuke aende kwa nani? Tulimpeleka mtoto hospitali kwa kosa la kusema kweli."

Chai ile niliimaliza kwa ajili ya adabu tu.

Jumamosi nilikuwa jikoni na mume wangu, Mzee Khamis, anamenya muhogo tulioununua Kingsbury. Ameendesha basi London nzima mpaka akastaafu, na kila jambo duniani kwake ni habari ya basi. Nikamweleza yote. Nikamwambia na lile lililokuwa likinikaba: "Nikisema mbele ya watoto kwamba Nell ana mama wawili, si nitakuwa nimesema jambo ambalo dini yetu…"

Hakuinua uso. "Mtoto kakuuliza hukumu ya ndoa?"

"Hapana."

"Kauliza nini?"

"Salha kauliza nani mwongo."

"Na mwongo nani?"

Akakata kipande cha muhogo. "Mimi abiria akinionyesha tiketi yake, sikumuuliza aendako anakwenda kufanya nini," akasema. "Wewe umemteremsha mtoto, na tiketi anayo mkononi."

Nililiwaza hilo siku mbili, katika sala na nje ya sala. Yale ninayofundishwa na imani yangu kuhusu ndoa nayajua. Bi Kokila ana ya kwake, na kasisi wa ukumbi ule ana ya kwake, na katika miaka ishirini na minne hakuna hata mtoto mmoja aliyetuuliza. Watoto huuliza nani atakuja kunichukua, nani ananifungia vifungo, nani yuko nyumbani nikiumwa. Nell alinijibu maswali hayo siku ya kwanza bila ya kuulizwa. Niliyajua majibu yake kuwa ni kweli. Kisha nikaacha aitwe mwongo mbele ya wenzake, kwa ushahidi wangu. Katika dini yangu mtoto uliyekabidhiwa ni amana, na kusema uongo ni kusema uongo, hata ukiuvisha cheo cha heshima.

Jumatatu, saa tisa na nusu, Denise alipoinama kufungua buti nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Magoti yakalia, na yeye akayasikia.

"Denise," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lake, "Nell anakuitaje nyumbani?"

Mikono yake ikasimama kwenye kamba. "Mama Dee. Na yule Mama Claire."

"Nilikufanya khalati ya mtu. Uliniambia, nikajifanya sikusikia. Nisamehe."

Akanyoosha mguu mmoja. "Misi Zu, unajua buti hii ina matundu mangapi ya kamba?"

"Sijui."

"Kumi na manane. Hii moja tu. Nimeyahesabu kila siku kwa wiki saba."

"Ungenitukana tu, mwanangu."

"Nilitaka," akasema. "Claire akanikataza. Anasema una sura ya bibi yake."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi hukosea. Kuomba radhi kwa mzazi kwenye pembe ya mlango ni rahisi. Mtoto alivunjiwa heshima juu ya zulia, basi ilikuwa lazima atengenezewe juu ya zulia. Kesho yake wakati wa matunda, nilipokuwa namenya machungwa, nikasema bila ya hotuba:

"Salha, wiki ile uliniuliza nani mwongo, nikakwambia ule chungwa. Nell alisema kweli. Ana mama wawili, Mama Claire na Mama Dee. Niliyekosea ni mimi."

Nikaendelea kumenya. Kijiko, si ndoo. Nikampa Marek ganda badala ya chungwa, naye akalila nusu kabla ya kulalamika.

Salha akatafakari. Mimi nikajitayarisha kwa maswali yote niliyoyaogopa, nilikuwa nayo kichwani kama ishirini. Akauliza:

"Kwao buibui akiingia bafuni nani anamtoa? Kwetu anamtoa baba."

Sikuwa nimelitayarisha hilo. "Sijui," nikasema. "Ni wa kumuuliza mwenyewe."

Watoto wote wakamgeukia Nell. Nell akatazama koti lake. Salha, ambaye hana moyo mgumu, ana kiherehere tu, akamsogezea kipande chake cha chungwa, cha mwisho. Nell akakipokea. Neno hakusema.

Jumanne hivyo, Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo. Nilikuwa nikimwita mlangoni, "Nell, Mama Dee amefika," naye akawa anainuka, anakuja, na buti za Denise zikabaki miguuni. Hilo lilikuwa jambo. Lakini mdomo ulibaki umefungwa, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo.

Ijumaa ile wote wawili walikuja, Claire na Denise, na Claire alikuwa na mfuko mkubwa mkononi. Nikajua ni wa kukusanyia vitu vya Nell: viatu vya ndani, picha zake, nguo za akiba. Katika kuchanganyikiwa nikasahau niliyojifunza wiki nzima, nikanadi kama zamani:

"Nell, mama yako amefika!"

Nell hakuinuka.

Nilimwona Denise, bila ya neno, akianza kuinamia kamba zake. Bi Kokila alikuwa kwenye meza ya rangi, akaweka brashi chini. Kisha kutoka pembe ya zulia ikatoka sauti iliyokauka kidogo, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu:

"Yupi?"

Nell alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mimi, na nyusi juu, kama mwalimu anayemngojea mwanafunzi mzito.

"Wote wawili," nikasema.

Akainuka. Koti alilivaa mwenyewe, vifungo vyote upande usio wake. Alipofika mlangoni akamwambia Denise, "Usivue, Mama Dee." Halafu akageuka nyuma, akakumbuka kwamba ana deni la jibu, akamwambia Salha kwa sauti ya ukumbi wote: "Anamtoa Mama Dee. Mama Claire anapanda juu ya choo."

Claire akakunja ule mfuko, akautia kwapani. Bi Kokila akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wawili tu, "Masikio yake mazima, Zuwena. Nitaandika ripoti."

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa amani. Baada ya likizo Bi Raya alinishika msikitini kabla sijavaa viatu. "Zuwena, mjukuu wangu anasema kuna mtoto ana mama wawili, na wewe ndiye uliyesema. Unawafundisha nini watoto wetu?"

"Kutoitana waongo."

"Usinijibu kama wakili. Na mimi akiniuliza nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo, Nell ana mama wawili. Kisha mwambie avae koti."

"Na akitaka kujua zaidi?"

"Raya, mjukuu wako kashauliza zaidi. Ametaka kujua nani anatoa buibui."

Alijizuia asicheke, lakini mimi namjua, tumbo lilimtikisika. "Na anatoa nani?" akauliza. Nikamwambia. Akavaa viatu vyake, akaninunia kidogo mpaka kituo cha basi, kisha akanipa kipande cha mkate wa mofa alichoniwekea tangu asubuhi. Yako mambo tusiyokubaliana mpaka leo, mimi na Raya. Salha na Nell wao walikwishaanza kupeana buibui wa plastiki.

Tangu mwaka ule, mtoto mpya akija sikumuuliza mtu mzima peke yake. Nilichuchumaa, nikamuuliza mtoto: "Kwenu kuna nani, na unawaitaje?" Na nikaandika alivyosema, hata samaki. Mmoja alinitajia watu wanne na friji. Nyinyi fanyeni hivyo. Jina analolitumia mtoto nyumbani ndilo mlitumie mlangoni, mama wawili, baba wawili, bibi peke yake, mlezi wa muda, yeyote. Na mkikosea, sahihisheni palepale mlipokosea, mbele ya walewale. Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Mengine ni kupangusa pua.

Denise nikikutana naye Wembley mpaka leo hunisalimu kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti inayosimamisha watu: "Auntie! Hujambo, auntie!" Nell, ambaye sasa ananipita kimo, huona haya na kumvuta mkono.

Sasa kisa cha masikio yangu. Mzee Khamis alikuwa akilalamika kwamba simsikii, na mimi nilikuwa nikimwambia kwamba namsikia ila sikubaliani naye. Akanipeleka kliniki. Nikakaa kwenye chumba cha kungojea, koti mapajani, tasbihi mkononi. Binti mmoja mwenye sare, umri wenu hasa, akafungua mlango akaita, "Misesi Ali!"

Hakuna aliyeinuka.

Akaita tena. Nikatazama huku na huku nimwone huyo Misesi Ali mvivu. Akaita mara ya tatu, kwa nguvu, kisha akaja mbele yangu, akainama, akanisemesha polepole kwa mdomo mpana kama unavyomsemesha mtu aliye ndani ya maji. Kwenye karatasi yake nikaona tayari ameandika kitu, na nikaijua sentensi ile kabla sijaisoma, maana niliwahi kuiandika mimi: haitikii akiitwa.

Mume wangu ndiye Khamis Ali. Sisi wanawake wa kwetu hatuchukui jina la mume. Mimi ni Zuwena Bakari tangu nilipoaqikiwa nikapewa jina.

Nikamshika mkono yule binti. "Umeita vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Nimekusikia mara zote tatu. Ila hukuniita mimi."